Kusikia Kisichoonekana: Sanaa ya Nano Ikisomwa kutoka Visiwa vya Wabajuni na Pwani ya Kismayo

Ikisiri

Mijadala kuhusu sanaa inayotokana na teknolojia ya nano imetawaliwa na picha, ilhali kifaa kikuu cha sanaa hiyo hakioni bali hupapasa. Makala haya yanazihakiki kazi tatu zinazodai kuvuka mipaka ya jicho, yaani The Dark Side of the Cell, Midas na Blue Morph, kwa kuzisoma sambamba na maarifa ya mguso, sauti na harufu ya Wabajuni wa Kismayo na visiwa vyake. Hoja inayojengwa ni kwamba tofauti kati ya kukuza na kugeuza ndicho kipimo kinachofaa katika kuzihakiki kazi hizo, na kwamba tofauti hiyohiyo ina uzito katika sera za kuhifadhi urithi usioshikika wa jamii ambayo sauti yake imekwisha kutumiwa kama ushahidi wa kupima ukweli wa wasemaji wake.

Utangulizi

Nanometa moja ni sehemu moja ya bilioni moja ya mita. Mwanga unaoonekana na binadamu una mawimbi yenye urefu wa takribani nanometa 400 hadi 700. Kwa hiyo kitu chenye upana wa nanometa 10 hakiwezi kuchorwa na mwanga huo, hata lenzi iwe bora namna gani, kwa kuwa wimbi lenyewe ni kubwa mno kuliko kitu kinachotafutwa. Wala udhaifu huu si wa jicho pekee ili utibiwe kwa miwani. Katika kiwango cha nano, kuona kwa maana ya kawaida ya neno hilo hakupo kabisa.

Jambo hili ni la msingi, na bado uhakiki mwingi wa sanaa ya nano unalipita haraka. Picha zinazosambazwa kama alama ya uwanja huu, kwa mfano ile ya atomu 35 za xenoni zilizopangwa mwaka 1989 katika maabara ya IBM ili ziandike herufi tatu za jina la kampuni hiyo, hazikupigwa kwa kamera. Ni ramani za vipimo vya umeme vilivyochukuliwa nukta kwa nukta na ncha nyembamba ya chuma, kisha zikatiwa rangi na vivuli na kompyuta. Atomu moja haina buluu wala dhahabu. Mtazamaji anayestaajabia rangi hizo anastaajabia uamuzi wa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta.

Kutokana na hali hiyo, swali la jinsi sanaa na teknolojia ya nano zinavyokutana nje ya kuona limekuwa likiulizwa kwa mpangilio uliogeuzwa. Huulizwa kana kwamba picha ndiyo asili, na sauti, mguso na harufu ni nyongeza za kuipamba. Makala haya yanaanza upande wa pili: mguso ndio asili, na picha ni tarjuma. Pwani ya kusini mwa Somalia, kuanzia Kismayo kupitia Koyama, Ngumi, Chovai na Chula hadi karibu na Ras Kiamboni, haina maabara zilizozaa kazi zitakazojadiliwa. Ina, hata hivyo, jamii ya mabaharia na wavuvi ambayo kwa karne nyingi imefanya kazi ya kujua kisichoonekana kwa mkono, sikio na pua. Kusoma kutoka hapo kunayafanya madai ya sanaa ya nano yajibu maswali ambayo ukumbi wa maonyesho wa Los Angeles hauyaulizi.

Kuona na kusikia katika Kiswahili

Kwanza inafaa kuiangalia lugha yenyewe inayotumiwa kuuliza swali. Istilahi ya kawaida ya kifaa cha kukuzia vitu vidogo ni hadubini, nayo imejengwa kwa mfano wa darubini, neno lenye asili ya Kiajemi likimaanisha kinachoona mbali. Kuona kumo ndani ya jina. Kifaa kilichobuniwa mwaka 1986 na Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber, ambacho kwa Kiswahili huweza kuitwa hadubini ya nguvu za atomu, hakina lenzi ya kutazamia sampuli. Kina utepe mfupi mno wenye ncha ambayo kwa kawaida kipenyo chake ni nanometa chache hadi makumi. Ncha hupitishwa juu ya uso wa kitu, utepe hujipinda kufuatana na vilima na mabonde ya uso huo, na mpindo hupimwa kwa miale ya leza. Kukiita kifaa hiki hadubini ni sawa na kuiita fimbo ya kipofu miwani.

Hata hivyo Kiswahili kina utajiri ambao istilahi hiyo inauficha. Kitenzi kusikia hakiishii masikioni. Mtu husikia sauti, husikia harufu, husikia baridi, husikia maumivu na husikia njaa. Kuona nako hakuishii machoni, kwani watu huona haya, huona kiu na huona uchungu. Msemaji wa Kiswahili hana ukuta mnene kati ya jicho na milango mingine ya fahamu, wala hana sababu ya kushangaa anapoambiwa kwamba seli inaweza kusikika. Maneno ya mguso nayo ni mengi na yana mipaka yake: kugusa, kupapasa, kutomasa, kubonyeza, kudonoa. Wanasayansi wanaotumia hadubini ya nguvu za atomu hutofautisha namna ambayo ncha haiachani na uso na namna ambayo ncha hugonga kidogo na kuinuka. Ya kwanza ni kupapasa, ya pili ni kudonoa. Kamati za istilahi zingeweza kuanzia hapo badala ya kukopa majina ya Kiingereza mazima, na msomaji angeelewa mara moja kifaa kinafanya nini.

Bildi, taza na ncha

Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kambani ili kupimia kina cha maji. Chini ya risasi hupakwa mafuta, na bildi inapogusa sakafu ya bahari hurudi na mchanga, tope au vipande vya kombe. Katika mkondo ulio kati ya visiwa vya Wabajuni na bara, ambako miamba ya matumbawe hukaa chini kidogo ya uso wa maji, maarifa ya namna hii hayakuwa pambo. Nahodha alijua alipo kwa uzito ulioachia kambani na kwa kilichonata kwenye mafuta.

Ufanano na ncha ya hadubini uko wazi. Vyote viwili hujua kwa kugusa, nukta moja baada ya nyingine, mahali ambapo mwanga hausaidii. Vyote viwili hujenga sura ya uso mzima kutokana na nukta hizo. Lakini ufanano huo unakatika mahali muhimu. Kamba ya bildi inaishia kwenye kiganja cha mtu. Utepe wa hadubini unaishia kwenye kihisi cha mwanga, kisha kwenye safu ya tarakimu. Ncha inagusa, lakini hakuna anayeguswa. Mguso wa nano, kama unavyoingia mikononi mwa msanii, tayari ni faili.

Mfano wa pili ni wa kushangaza zaidi. Vinigi Grottanelli, katika kitabu chake cha Kiitaliano kuhusu Wabajuni wa Somalia kilichotoka mwaka 1955, alieleza maisha ya wavuvi hao kwa kina, na uvuvi wa kasa kwa kutumia taza ni miongoni mwa mambo yaliyowafanya wajulikane kwa wataalamu wa uvuvi duniani. Taza ana kibandiko juu ya kichwa ambacho humwezesha kunata kwenye mwili wa papa au kasa. Mvuvi humfunga kamba mkiani, humwachia karibu na kasa, kisha husubiri. Hamwoni samaki wake chini ya maji. Anachosubiri ni mvuto kambani, na kwa mvuto huo huamua kama taza ameshika, kama ashikilie au alegeze. Wanabiofizikia nao hupaka kwenye ncha ya hadubini molekuli inayoshikamana na molekuli nyingine mahususi, huishusha, huivuta juu, na hupima nguvu inayohitajika kuziachanisha. Kwa msomaji wa Chula maelezo hayo hayahitaji picha.

Hapa pana mtego unaopaswa kukwepwa. Si sahihi kudai kwamba Wabajuni walikuwa na teknolojia ya nano kabla ya maabara, kama inavyodaiwa mara kwa mara kuhusu urithi wa mataifa mengine. Kikombe cha Kirumi cha Lycurgus, cha karne ya 4, kina chembe za dhahabu na fedha zenye ukubwa wa makumi ya nanometa zinazokifanya kibadilike rangi kutoka kijani hadi nyekundu kulingana na upande wa mwanga, lakini fundi wake hakujua kuhusu chembe hizo. Vivyo hivyo, mng'ao wa ndani ya kombe la chaza unatokana na vibamba vya madini vyenye unene wa takribani nusu ya maikrometa vilivyounganishwa na tabaka nyembamba za protini, na kazi hiyo ni ya mnyama, si ya mtu. Kumsifu fundi kwa jambo asilolifanya ni njia ya kutolitazama alilolifanya. Wavuvi wa taza walikuwa na kitu kingine: adabu ya kujua kupitia uzi, yaani kuipa mkono kazi ambayo jicho haliwezi kuifanya na kuukubali uamuzi wake.

Kazi tatu

Mwaka 2004 Andrew Pelling, James Gimzewski na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha katika jarida la Science matokeo kuhusu seli za Saccharomyces cerevisiae, hamira ileile ya mahamri. Waliiegesha ncha ya hadubini kwenye ukuta wa seli hai, wakakuta ukuta huo unatetemeka kwa kiasi cha nanometa 3 hivi, mara 800 hadi 1,600 kwa sekunde. Kasi hiyo iko ndani ya mipaka ya sikio la binadamu. Seli zilipotiwa sumu inayozima shughuli zake za kikemikali, mtetemo ulikoma. Mwaka huohuo Pelling na msanii Anne Niemetz waliyageuza matokeo hayo kuwa kazi ya sauti iitwayo The Dark Side of the Cell.

Hii ndiyo kazi imara kuliko zote tatu, na sababu yake ni ya kiufundi kabla ya kuwa ya kisanaa. Mtetemo wa seli ni mtetemo. Sauti nayo ni mtetemo. Kilichofanyika msingi wake ni kukuza. Msikilizaji hapewi alama inayosimama badala ya seli, bali mwendo wenyewe uliotiwa nguvu hadi uweze kuisukuma hewa. Hata kama sehemu ya sauti hiyo inatokana na ncha na chombo kizima, na mashaka hayo ni halali, uhusiano kati ya kitu na kinachosikika haukukatwa. Kazi inaposhindwa, hushindwa pale inapoongezewa mandhari na picha za seli ili mhudhuriaji asichoke. Giza lililomo katika jina la kazi lingetosha.

Midas ya Paul Thomas, iliyoonyeshwa mwaka 2007, inachunguza kinachotokea dhahabu inapogusa seli ya ngozi, na inazifanya data za hadubini ya nguvu za atomu kuwa sauti na picha. Wazo lake ni zuri kuliko utekelezaji wake. Hekaya ya mfalme ambaye kila alichokigusa kiligeuka dhahabu inamkumbusha mtu kwamba mguso hauna upande mmoja, kwamba anayegusa naye huguswa. Lakini hapa tarakimu za nguvu zimegeuzwa. Msanii angeweza kuchagua kanuni nyingine ya kugeuzia na kupata sauti nyingine kabisa, na msikilizaji asingekuwa na njia ya kujua. Kugeuza si dhambi. Muziki mwingi ni kugeuza. Tatizo ni kwamba kazi inatolewa kana kwamba dhahabu na ngozi ndizo zinazosema.

Blue Morph ya Victoria Vesna na Gimzewski, ya mwaka 2007, inatumia mitetemo iliyorekodiwa wakati wa mageuzi ya kiwavi kuwa kipepeo. Kisayansi iko karibu na kazi ya hamira. Kisanaa imemezwa na buluu. Rangi ya mabawa ya kipepeo huyo haitokani na rangi ya kupaka bali na vijimuundo vidogo vinavyourudisha mwanga wa buluu, na uzuri huo umewashinda wasanii. Anayetoka ukumbini anakumbuka alichokiona. Kwa kazi iliyonuia kuyasikilizisha mageuzi, hilo ni pungufu kubwa, na linaonyesha jinsi jicho linavyorudi kukalia kiti chake hata likiombwa kusimama.

Pua iliyosahauliwa

Katika kazi zote tatu pua haina nafasi. Ni upungufu wa ajabu, kwa sababu kunusa ndiyo fahamu pekee, pamoja na kuonja, ambayo haihitaji hadubini ili kufika kiwango cha nano. Molekuli ya harufu ina ukubwa wa takribani nanometa moja, hupeperuka, huingia puani, hukutana na protini inayoipokea, na mtu huijua. Hakuna kukuza wala kugeuza kunakofanywa na chombo. Chetezo kinachofukizwa udi au ubani ndani ya nyumba ya Kismayo hutoa moshi ambao sehemu ya chembe zake ni ndogo kuliko nanometa 100. Mtu anayechanganya udi anapanga mfuatano wa harufu, ipi ianze, ipi ibaki nguoni baada ya saa kadhaa. Kwa maana hiyo anafanya sanaa kwa molekuli, ingawa hahitaji jina hilo wala cheo hicho.

Harufu pia ni kumbukumbu ya kazi. Vyombo vya mbao vya pwani hii vilipakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, ili mbao zisikauke na kupasuka. Harufu yake ni kali na haifichiki. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila misumari na kubebwa na tanga la mkeka, ni kielelezo kinachohusishwa sana na Wabajuni na visiwa vya Lamu, nacho kilitoweka baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2003 mafundi wa Lamu waliunda upya mtepe mmoja uliowekwa ndani ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mtepe huo ulikuwa mafanikio makubwa. Lakini kwa mgeni wa makumbusho ulikuwa umbo la kutazamwa kwenye nchi kavu. Jinsi kamba inavyovutwa hadi mkono useme basi, jinsi mshono unavyolia ubavu unapopigwa na wimbi, havikuwa sehemu ya maonyesho.

Sauti iliyogeuzwa kuwa ushahidi

Tofauti kati ya kukuza na kugeuza ingeweza kubaki suala la wahakiki. Kwa Wabajuni haikubaki hapo. Baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wengi wao walivuka kwa majahazi kwenda Kenya, na baadhi walifika Ulaya. Huko Uingereza, maombi ya hifadhi ya watu waliojitambulisha kuwa Wabajuni yalipimwa, pamoja na mambo mengine, kwa uchambuzi wa lugha: mazungumzo mafupi yalirekodiwa, na mchambuzi akatoa maoni kama sauti hiyo ni ya kusini mwa Somalia au ya Kenya. Derek Nurse, mtaalamu aliyeitafiti lahaja hii kwa miongo kadhaa, ameonyesha jinsi Kibajuni kilivyobadilika na kuchanganyika kwa sababu ya ukimbizi wenyewe. Kijana aliyelelewa Mombasa na wazazi wa Koyama hubeba sauti mbili kinywani.

Kilichotendeka hapo kina umbo lilelile la Midas. Kitu hai kilipimwa, kikageuzwa kwa kanuni ambayo msikilizwaji hakuijua, kisha kikatolewa kana kwamba sauti yenyewe ndiyo iliyosema. Tofauti ni kwamba ukumbini anayepotoshwa hupoteza jioni moja.

Somalia iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika, na ilipokewa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Novemba 2023. Kibajuni, pamoja na Chimwini cha Barawa, kimeingia kwa njia hiyo katika eneo la kazi la Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar. Miradi ya kurekodi ni matarajio ya kawaida katika mazingira kama hayo, na kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kununua kamera: kuupiga picha na kuuchora kwa leza kila ubavu wa chombo, na kuyaacha ya mkono na pua kwa kuwa hayana faili. Ya pili ni kurekodi sauti za vave la wakulima na mazungumzo ya wazee bila masharti ya nani atazisikiliza na kwa madhumuni gani, katika jamii inayojua kwamba rekodi inaweza kumrudia aliyerekodiwa. Idhini inayohitajika hapa si saini moja. Inapaswa kutaja matumizi yasiyoruhusiwa, na uamuzi wa hifadhi ya asili za rekodi ukae na wasemaji wenyewe, pamoja na walio nje ya Somalia.

Vifaa vya nano vina nafasi katika kazi hiyo, lakini ndogo na mahususi. Hadubini ya nguvu za atomu inaweza kupima ugumu wa nyuzi za makumbi zilizoloweshwa maji ya chumvi na kuueleza uchakavu wao. Vipimo vya kemia vinaweza kutambua mabaki ya sifa katika ubao wa zamani. Haviwezi kuonyesha mvuto unaofaa wa kamba, kwa sababu mvuto huo haumo ndani ya uzi. Umo katika mkono wa fundi ambaye amewahi kuuvuta mno ukakatika. Bajeti itakayotenga fedha za maabara kabla ya kumlipa fundi ashone akiwa na wanagenzi wawili kando yake itarudi na tarakimu sahihi za kamba ambayo hakuna anayejua kuifunga. Mafundi wa kushona vyombo ni wachache, na wengi wa waliobaki wako upande wa Lamu, mbali na Chula.